Kipimo cha Namba Saba

Walinituma na utepe wa mita thelathini,
kalamu mbili za risasi, ubao wa kuandikia,
na barua yenye mhuri: Lipimwe, lichorwe, livunjwe.

Tishari Namba Saba limelala Kurasini,
ubavu topeni, nyuma ya matangi ya mafuta.
Mche wa mkoko umeota ndani ya ngama
na kaa wamehamia bila kulipa kodi.

Nikaanza na mkuku, kama nilivyofundishwa chuoni:
mita kumi na nne, nukta mbili.
Nikahesabu mataruma, ishirini na sita,
yote ya mti uliopinda wenyewe ungali na majani,
maana aliyeliunda hakulazimisha mti kupinda,
alizunguka msituni hadi akauona wake.

Kisha mbao za ubavu.
Kulia: milimita arobaini.
Kushoto: sitini.
Nikapima tena. Nikafuta. Nikapima.
Nikalaumu utepe, nikalaumu tope,
mwishowe nikaandika pembeni: kasoro ya fundi.

Msham Kirumbi, kalafati,
alikuwa hatua kumi tu, akiziba mashua ya mchanga,
pamba ya mafuta imemganda hadi viwikoni.
Hakuacha kugonga.
"Kasoro," alisema, kama mtu anayeonja chumvi.
"Meli zilikuwa zikisimama wapi, kabla ya gati?"
Sikujua.
Akanyoosha patasi hadi katikati ya maji.

"Pale. Hili likivutwa, likiegemea chuma,
huku winchi inashusha katani, saruji, ngano,
na wimbi linapanda linashuka, linapanda linashuka.
Siku zote upande wa kushoto.
Kulia alikaa karani na daftari lake,
hakutaka kubanwa vidole.
Baba akaongeza wanda mmoja wa mvule.
Hakuna aliyemwomba.
Wanda huo hawakumlipa."

Akatema uzi wa pamba, akarudi kugonga.

Nilikata mstari juu ya neno kasoro
lakini sikuwa na neno la kuweka mahali pake.

Nikaingia ndani na taa ya simu.
Chini ya taruma la tisa, alama za msumari:
vijiti vinne vimesimama, kimoja kimelala juu yao,
vinne, kimoja, vinne, kimoja,
safu baada ya safu hadi kwenye fashini.
Karani alikuwa na wino, makuli walikuwa na msumari,
na hesabu hizo mbili sidhani ziliwahi kuamkiana.
Safu ya mwisho ina vijiti vitatu tu.
Sijui kama ni king'ora kililia,
au mgomo,
au mgongo wa mtu.

Nazo nikazichora.

Mhandisi Ndimbo alikunja karatasi yangu katikati,
akailaza kushoto juu ya kulia, akaielekeza dirishani.
"Chombo, binti, hulingana."
Akachukua ufutio. Wanda wa mvule ukawa vumbi la waridi
akalipuliza lianguke sakafuni.
Alama za msumari akaziita uchafu.
Mkono wake ni mzuri, siwezi kukana:
mchoro uko kabatini sasa, rafu ya tatu,
mabega sawa kama askari wa gwaride,
tishari ambalo halijawahi kugusana na meli.

Lile lingine lilivunjwa siku ya Jumanne.
Kuni zake zilipelekwa Feri, kwa wakaanga samaki.
Nilikwenda kununua pweza, nakiri, sikuwa na njaa.
Bi Zamoyoni alikuwa akichochea na kulalamika:
kuni hizi zimechanganywa, nyingine zinakwisha upesi,
nyingine tangu alfajiri zinawaka tu, hazitaki kuwa jivu.

Nikamwuliza hizo nyingine ni nene kiasi gani.

Aliweka mwiko chini, akajifuta mafuta,
akabana vidole vyake pamoja, akanionyesha:
vitatu.